Mnunuzi wa Vipuri vya Kompyuta Alindwe

Mchuuzi wa samaki katika ufuo wa Usenge hanunui mbuta kwa kusikia sifa zake. Hufunua mashavu ya samaki autazame wekundu wake, akabonyeza mnofu kwa kidole, ndipo akataja bei. Mchuuzi wa omena naye huzamisha mkono hadi chini ya gunia asije akauziwa mchanga. Lakini watu hawa hawa, siku ya mauzo ya ofa mjini Kisumu au katika soko la jirani, hununua flashi, betri au chaja ya kompyuta kwa kusoma tu karatasi iliyobandikwa juu yake. Tusiwacheke. Kipuri cha kompyuta hakina mashavu ya kufunuliwa.

Kwa kuwa ubora wa kipuri hauonekani kwa macho, anachonunua mteja hasa ni neno la mwuzaji. Na neno huwa na thamani pale tu msemaji wake anapoweza kupatikana kesho. Mwenye duka hupatikana. Mwenye meza ya siku tatu huondoka na neno lake.

Kazi yangu ni kuchunguza lugha, na lugha ya meza hizo yastahili kuchunguzwa. "Orijino" limetamkwa mara nyingi mno hata halielezi kitu tena. "Ex-UK" husikika kama sifa, ilhali maana yake ni kwamba kifaa kimetumika Uingereza kikaachwa. Neno letu wenyewe, mtumba, lina uaminifu zaidi: anayelisikia hujua kwamba ananunua kilichotumiwa na mwingine, naye hukikagua ipasavyo.

Hila iliyo mbaya kuliko zote ni ya flashi. Ndani yake mna kijisehemu kinachoiarifu kompyuta ukubwa wa kumbukumbu. Walaghai hukipanga upya kitangaze terabaiti 2, ilhali kumbukumbu yenyewe ni gigabaiti 16 au 32. Mnunuzi akiichomeka hapo mezani, kompyuta itasoma terabaiti 2, naye ataondoka ameridhika. Nafasi ya kweli ikishajaa, faili mpya hupotea au huandikwa juu ya zilizotangulia, na majina yake huendelea kuonekana kana kwamba hapana kilichotokea.

Hasara yake si ya fedha pekee. Mwanafunzi mmoja wa isimu alirekodi masimulizi ya wazee wa Kijaluo katika vijiji vilivyo karibu na Got Ramogi, akayahifadhi katika flashi ya namna hiyo aliyoinunua kwenye mauzo ya ofa. Majina ya faili yote yalikuwapo. Sauti zilisikika katika zile chache za mwanzo tu. Alipojiandaa kurudi kurekodi upya, mzee mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakuna duka linalouza sauti ya mtu aliyekufa.

Vipuri vingine navyo vina mitego yake. Kadi ya kumbukumbu ya aina ya DDR3 haiingii katika nafasi ya DDR4, hata iwe nzima namna gani. Betri ya lithiamu huchakaa hata ikiwa ndani ya boksi, hivyo "mpya" iliyokaa ghalani miaka mingi si mpya. Chaja isiyolingana na kompyuta kwa volti huweza kuiharibu. Na mkazi wa Usenge akitaka kurudisha kitu Kisumu, nauli ya kupitia Bondo, kwenda na kurudi, huweza kumeza lile punguzo lote alilojivunia.

Wapo watakaosema kwamba ninawanyima wanyonge vitu vya bei nafuu. Sivyo. Mwenye kibanda cha saiba anayewajazia wanakijiji fomu za serikali hana fedha za kununua kila kitu kipya, na wapo wafanyabiashara waadilifu wanaouza mitumba mizuri kwa bei ya haki. Hao ndio wa kwanza kuumizwa na walaghai, kwa maana mteja aliyeumwa mara moja huwaogopa wote.

Sheria haikutusahau. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, hudai kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kitu kilichotumika kuitwa kipya. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Lakini utamshtaki nani, ikiwa risiti haina jina na simu haipatikani?

Hapo ndipo serikali za kaunti za Kisumu na Siaya zinapopaswa kuingia. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti masoko, leseni za biashara na uadilifu wa biashara. Basi kibali cha mauzo ya ofa kisitolewe bure bure. Kila mwuzaji aandikishwe kwa jina na anwani ya kudumu. Kila risiti itaje nambari ya kifaa na ahadi iliyotolewa. Pawe na meza yenye umeme na fundi wa kupimia. Na mwandalizi wa mauzo awajibike kupokea vitu vibovu kwa siku saba baada ya meza kukunjwa.

Hadi hayo yatimizwe, mnunuzi na ajilinde. Adai ahadi kwa maandishi, aijaze flashi nzima na kuisoma tena kabla ya kuiamini, na asiweke kazi yake ya thamani mahali pamoja tu. Mwuzaji anayekataa kuandika jina lake kwenye risiti ameshatoa maelezo ya kutosha kuhusu bidhaa yake.