Vukeni mpaka bila mzigo, walau siku moja

Wapo wafanyabiashara wa Malaba na Busia ambao wamevuka mpaka wa Kenya na Uganda mara nyingi kuliko walivyowatembelea wakwe zao, lakini Uganda wanayoijua haizidi kilomita mbili. Wanajua dirisha la forodha, ghala la nafaka na benchi la dalali. Mahindi, maharagwe na ndizi wanazonunua zinatoka katika nchi ambayo hawajawahi kuiona.

Kutoijua nchi hiyo kunawagharimu. Dawa mojawapo ni rahisi, wala haihitaji kikao cha mawaziri: marafiki watano au sita wa soko moja wafunge vibanda siku isiyo ya gulio, wavuke bila mzigo, wapande kwa miguu hadi kwenye maporomoko ya Sipi.

Sipi iko wilaya ya Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye mteremko wa Mlima Elgon ambao nchi hizo mbili zinaugawana. Mto huanguka hapo mara tatu, na poromoko lililo refu zaidi lina mita 100 hivi. Kutoka Malaba njia inapita Tororo hadi Mbale, na kutoka Mbale zinabaki kilomita zipatazo 50. Anayeondoka alfajiri anaweza kutembea saa tatu au nne mlimani na usiku akalala kwake. Walio upande wa Kitale wana njia ya Suam, ambako barabara ya kilomita 73 hadi Kapchorwa, iliyokuwa tope tupu msimu wa mvua, imetiwa lami.

Gari la kutoka nyumbani halihitajiki. Likivuka litadai karatasi za forodha na bima ya COMESA. Ni nafuu kuvuka kwa miguu na kupanda kile ambacho Waganda hukiita taksi na Wakenya hukiita matatu.

Faida ya safari hii kwa mfanyabiashara haiishii kwenye maji. Maporomoko yako nje ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, kwa hiyo njia ya miguu inakatiza mashambani na hata uani mwa watu. Anayemwongoza mgeni ni kijana wa kijiji hicho. Kahawa ya arabika inakua chini ya kivuli cha migomba, na wenyeji humwonyesha mgeni inavyomenywa, inavyoanikwa, inavyotwangwa kinuni na kukaangwa. Mgeni akisema yeye ni mchuuzi wa Malaba, mazungumzo hugeuka mara moja. Mkulima anataka kujua gunia linauzwaje huko chini, na mchuuzi anataka kujua mkulima alilipwa kiasi gani. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo anayouza dalali.

Dalali bado ana kazi yake. Kukusanya magunia kutoka nyumba hamsini si mchezo. Lakini kumlipa dalali ukiwa unajua bei ya shambani ni tofauti na kumlipa ukiwa gizani.

Wafanyabiashara wa nafaka wanaikumbuka Machi 2021. Kenya ilisimamisha ghafla uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Sumukuvu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Aliyekaa dirishani mpakani hana namna ya kujua mahindi yalianikwa juu ya turubai au juu ya udongo. Aliyepita mbele ya nyumba ya mkulima anajua, na akipanda tena msimu unaofuata anaweza kubeba maturubai ya kuuza, au kukubaliana bei bora kwa mahindi makavu. Biashara nzuri nyingi zimeanza na mtu aliyeona kwa macho yake kile ambacho upande wa pili unakikosa.

Tena kuna lugha na undugu. Wasabiny wa Kapchorwa na Wasabaot wa upande wa Kenya ni watu wa jamii moja waliotenganishwa na mstari wa wakoloni. Mchuuzi wa Kapsokwony anaweza kufika Sipi akaagiza chai kwa lugha ya mama yake. Ukijua hivyo, neno "mgeni" linapungua uzito, na hata deni linalipika kwa urahisi zaidi.

Watakaopinga watasema matembezi ni ya wenye pesa, na kwamba siku moja bila kuuza ni siku ya njaa. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mama anayelisha watoto kwa faida ya siku hiyo hiyo. Ndiyo maana safari ifanywe kwa kundi na kwa mchango. Vyama vya akiba vinavyonunua sufuria na mablanketi kwa zamu vinaweza kuweka nauli kwa zamu pia. Mara moja kwa mwaka inatosha.

Serikali nazo zina wajibu. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataja uhuru wa watu kutembea pamoja na uhuru wa bidhaa. Mtu asiye na mzigo hapaswi kutiliwa shaka kuliko mwenye magunia, na jibu la "naenda kutembea" lipokelewe kama jibu kamili.

Nchi zilizobaki zifuate. Mchuuzi wa Taveta yuko karibu na maporomoko ya Materuni, juu ya mji wa Moshi, kuliko alivyo karibu na Mombasa, lakini kitambulisho chake cha taifa pekee hakitoshi kumvusha Holili. Atahitaji pasipoti au pasi ya muda.

Kwa upande wa wenyeji, ada ziandikwe wazi. Kwa kuwa ardhi ya Sipi ni ya watu binafsi, mgeni anaweza kudaiwa malipo zaidi ya mara moja njiani. Kibao kimoja mwanzoni mwa njia, chenye bei ya raia wa Afrika Mashariki kwa shilingi, kingeondoa ugomvi na kurudisha wageni.

Wanaokwenda wachague siku za kiangazi, maana udongo wa Elgon ukilowa huteleza vibaya. Wavae viatu vya kushika ardhi, wachukue kiongozi wa hapo hapo na wakubaliane naye bei kabla ya kuanza kupanda. Na kabla ya kuteremka, kila mmoja aandike namba ya simu ya mkulima mmoja. Soko la juma linalofuata ataihitaji.