Chuo cha mtaani hakitoi CCNA

Wadau, leo nina hasira kidogo. Jamaa zangu wa hosteli wanahangaika kutafuta ada ya kozi ya CCNA kwenye chuo cha mtaani. Hivi wanajua kwamba wakimaliza watapewa cheti cha chuo tu? CCNA yenyewe inatolewa na Cisco: tangu Februari 2020 ni mtihani mmoja, dola 300 za Marekani, na hakuna anayekuuliza ulisoma wapi. Packet Tracer ni bure, unaunganisha ruta na swichi humo mpaka usiku wa manane. Nasomea ualimu, najua thamani ya mwalimu. Ila huyu wa kukusomea slaidi? Muulize kwanza: ada ina mtihani ndani? Ruta za kushika ziko ngapi? Akimung'unya maneno, sepa.