Tairodi haichomelewi

Barabara ya Taifa namba 3 ikifika hapa Magara, Burundi, haina pa kukosea: mkono mmoja mlima, mkono wa pili Ziwa Tanganyika. Tairodi ikikatika hapa, usukani unabaki pambo, gurudumu linajiendea. Ndiyo maana siafiki tabia ya kuchomelea tairodi iliyochoka, au kuibana boljointi iliyolegea kwa kipande cha mpira, ili Hiace kuukuu irudi kazini jioni ileile na abiria ndani na magunia ya ndagala juu.

Wanaofanya hivyo wana hoja. Kifaa kipya ni ghali, na mafuta ya kukifuata Buyenzi, Bujumbura, siku hizi ni ya kuwinda. Lakini kazi yenyewe unaweza kuifanya uani kwako, pesa ya fundi ikaingia kwenye kifaa. Tairodi yangu naifungulia chini ya mwembe.

Pandisha gari kwa jeki, weka gogo pana chini ya chasisi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shika gurudumu kushoto na kulia, litikise: likicheza, tazama tairodi. Shika juu na chini: likicheza, ni boljointi au beringi. Mpira wa tairodi au boljointi ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia, usingoje igonge.

Kutoa tairodi hakutaki ubabe. Legeza nati, iache kwenye nyuzi chache, kisha gonga ubavu wa jicho ilimokaa, si ncha yake. Itaachia. Ukiifungua kwenye fimbo, hesabu mizunguko, mpya iingie kwa mizunguko hiyohiyo. Alaimenti ya mashine itafuata gari likifika mjini. Boljointi ya chini ni habari nyingine: mkono wake umebeba nguvu ya springi, basi uegemeze kwa jeki kabla hujagusa nati.

Kinachonitia hasira hasa ni pini ya kuizuia nati isilegee. Nimeona tundu la nati limezibwa kwa msumari, kwa waya wa uzio, mara nyingine kwa hewa tu. Pini mpya haifikii bei ya soda! Na matundu yasipolingana, kaza nati kidogo mbele, usiirudishe nyuma.

Wanaokagua magari njiani nao wainame. Karatasi wanazisoma mpaka mihuri. Wa kulala vumbini akatikise gurudumu sijamwona bado.