Simu Imefungwa mu Kabati, na Mawazo Je?



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo simu zetu zinafungiwa mu kabati ya Bwana Prefe wakati wa kujisomea jioni, na maneno yamekuwa mengi mu interna. Wengine wanasema ni kuonewa. Wengine, zaidi wale wa kalasi ya mwisho wenye kungojea Exetat, wanasema afazali vile. Sisi tuko na wazo letu, na tunawaomba mulisome mpaka mwisho mbele ya kukasirika. Kabati ni nzuri. Lakini kabati haijui ni kitu gani kinamuvuta kila mutu.

Muangalie vizuri mu chumba cha kujisomea. Simu haiko hata moja. Lakini huyu anatazama ukurasa ule ule tangu dakika ishirini. Yule, masikio yake iko inje, kwenye kwaya inafanya mazoezi. Mwingine anawaza tu ile picha alituma muchana: wameipenda watu wangapi? Na kati yetu wako pia wale hawawazi mambo ya kucheza hata kidogo. Wanangojea habari ya wazazi waliokimbia vita ku Masisi ao ku Rutshuru, na kila jioni hawajui kama ujumbe umefika. Hawa wote wanaitwa kwa jina moja, "wasiotulia". Sisi tunasema si ugonjwa mumoja, na dawa haiwezi kuwa moja.

Kuna Mwafrika aliyechunguza jambo hili zamani sana. Ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 ku Thagaste, mu inchi inayoitwa leo Algeria, akakuwa askofu wa Hippo mpaka kufa kwake mwaka 430. Mu kitabu chake cha Maungamo anasimulia juu ya rafiki yake Alypius, kijana wa muji ule ule. Alypius alikuwa na akili na mwenendo muzuri, lakini walipokuwa ku Carthage alipenda michezo ya uwanjani kupita kiasi, kisha akaiacha. Akaenda Roma kusoma sheria. Siku moja wenzake wakamukokota kwa nguvu mpaka uwanja ule kwenye watu walikuwa wanauana kwa kufurahisha watazamaji. Yeye akajivuna kwamba mwili wake tu ndio unaingia, roho haiingii. Akafunga macho, na aliyafunga kweli! Lakini masikio hakuyafunga. Mupiganaji mumoja akaanguka, watu wote wakapiga kelele, naye akataka tu kuona kumetokea nini. Akafungua macho. Toka siku ile akawa anarudi, na akaanza hata kuvuta wengine waende naye.

Basi, macho yale yaliyofungwa ilikuwa ndiyo kabati ya Alypius. Nia alikuwa nayo, tena nia kubwa. Kitu hakujua ni mulango wake mwenyewe: akisikia watu wanapiga kelele, sherti ajue ni ya nini. (Wenye kukaa mu vikundi vya WhatsApp watatuelewa.)

Na Augustino hakusema paka juu ya rafiki yake. Alikuwa tayari askofu, mutu wa kuheshimiwa, alipoandika namna yeye mwenyewe anavyovutwa: mbwa anafukuza sungura mu shamba, na wazo lake kubwa linapotea, anaikala nyumbani, mujusi anakamata inzi, ao buibui anawafunga mu utando, na askofu anabaki anatazama! Sisi tunapenda sana ukurasa huu. Mutu mukubwa vile angeweza kulaumu dunia yote. Yeye aliandika mujusi.

Kusema kweli, jambo hili si geni kwetu Waprotestanti. Calvin, mu kitabu chake kikubwa kilichotoka kwa mara ya mwisho kwa Kilatini mwaka 1559, anaanzia hapo hapo: kumujua Mungu na kujijua mwenyewe ni mambo yenye kufungana.

Sasa tuangalie simu yenyewe. Muzee anaweza kuwaza ni chombo tu, kama radio. Hapana. Radio haikujui. Ukifungua TikTok, programu inaandika ni video gani umeitazama mpaka mwisho na gani umeiruka, na kwa hiyo inachagua ile itafuata. Ukurasa haufiki mwisho. Kiisha siku chache, ile programu inajua mujusi wako ni nani: mupira, nguo, ugomvi, ao huzuni. Weye mwenyewe hujui bado! Hapo njo tunaona hatari. Kuna mwingine mwenye kutujua kuliko sisi tunavyojijua, na yeye anafanya biashara, anauza matangazo kwa saa zetu. Mega tunanunua sisi, kwa franka za wazazi.

Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo. Juma hili, kila mutu achukue daftari nyembamba. Kila mara anaona akili yake imetoka ku kitabu, aandike saa na kitu kilichoiita. Maneno mawili yanatosha. Mwenye kuvutwa na njaa aandike njaa, juu hiyo nayo iko, na haifai kuificha. Daftari ile asionyeshe mutu, hata Bwana Prefe, sababu kama itasomwa na wengine tutaandika uongo, tunajuana.

Na kwa Bwana Prefe tunaleta ombi moja kwa heshima. Wale wenye wazazi wao wako kwenye vita, waruhusiwe kutazama simu dakika tano mbele ya kengele ya kujisomea, kisha wairudishe mu kabati. Tunafikiri watasoma vizuri kuliko sasa. Tulipowauliza wawili kati yao, walisema dakika mbili zingewatosha.