Tuwahi Asubuhi: Watoto Wetu na Foleni za Siku ya Idi



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma, leo tuna jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Tunataka kuzungumza juu ya foleni. Si foleni ya benki wala ya hospitali, bali ile wanayosimama watoto wetu siku ya Idi wakingojea zamu ya bembea, ya farasi wa kuzunguka, au ya lile jumba la kurukia linalojazwa upepo. Kila mwaka tunawatoa watoto kwenda kufurahi, na kila mwaka tunarudi nao wamechoka, macho mekundu kwa kulia, na wengine hawakupanda chochote. Sisi tunaona kwamba kosa kubwa ni letu wazazi, na dawa yake haina gharama yoyote: tutoke asubuhi.

Tuanze na yaliyotupata wenyewe. Sisi wa Mibirizi, tukitaka watoto wapate michezo ya namna hiyo, hutubidi tupande gari twende upande wa Kamembe. Idi moja, si ya zamani sana, tuliwaahidi watoto kwamba tutawapeleka. Baada ya swala tulirudi nyumbani, tukala pilau, tukapokea wageni, tukaenda kuwasalimia wazee. Saa saba mchana ndipo tukakumbuka ahadi. Pikipiki hapa kwetu hubeba abiria mmoja tu, kwa hiyo familia ya watu sita haina budi kutafuta basi dogo, na mabasi siku ile yalikuwa yamejaa. Tukafika saa nane na nusu.

Mstari tulioukuta ulikuwa umezunguka kiwanja. Mtoto wetu mdogo, wa miaka 5, alisimama zaidi ya saa nzima kwa ajili ya mchezo wa dakika 5. Alasiri ikatukuta humo humo mstarini. Baba mmoja alitoka kwenda kuswali, na aliporudi akakuta nafasi yake imeshachukuliwa, pakazuka maneno mbele ya watoto. Kisha vijana wa nyuma wakaanza kusukuma. Ilibidi tumtoe mtoto kwa kumnyanyua juu ya vichwa vya watu. Kiatu chake kipya kikapotea. Jioni tulipokuwa nyumbani tulicheka, lakini pale mstarini hakuna aliyecheka.

Kwa nini tunalikuza jambo hili? Kwa sababu msongamano wa watoto siku ya sikukuu si mzaha. Wengi mnakumbuka msiba wa Tabora, Tanzania. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto walijazana katika ukumbi wa disko kusherehekea, na karibu watoto 20 wakafariki kwa kukosa hewa na kukanyagana. Walitoka nyumbani wamevaa nguo mpya, kama wanavyotoka wa kwetu. Hatutaki hapa kuingia katika habari ya disko na hukumu yake. Hilo lina mahali pake. Tunachosema ni kwamba watoto wengi mno, mahali padogo, kwa saa ile ile moja, ni hatari hata kama mchezo wenyewe ni halali na mlango umeandikwa “Karibuni”.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi watusaidie. Tuseme kuna farasi wa kuzunguka wenye viti 12. Kupanda, kuzunguka na kushuka huchukua dakika 5. Basi kwa saa moja mashine huzunguka mara 12, na watoto 144 hupata zamu. Wakija watoto 60 kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, hakuna foleni ya maana. Anayefika hupanda, na akitaka hurudia. Lakini wakija watoto 300 kati ya saa nane na saa tisa mchana, mashine itawachukua 144, na itakapogonga saa tisa watabaki 156 mstarini. Wa mwisho wao atangoja zaidi ya saa nzima, hata kama baada yake hakuji mtu mwingine. Na ni nani siku ya Idi atakayesema baada yake hakuji mtu mwingine?

Angalieni pia jambo jingine katika hesabu hiyo. Asubuhi ile walipokuja watoto 60, viti 84 vilizunguka vitupu. Kiti kitupu cha saa tatu huwezi kukiweka akiba ukakitumia saa nane. Kimepita. Mwenye mashine amekosa fedha yake, na mtoto wa saa nane amekosa zamu yake.

Hapo ndipo tunapotaka kuwajibu wanaosema kwamba kuwahi ni ubinafsi, ni kutaka kuwatangulia wenzako. Sivyo. Mtoto aliyepanda saa tatu asubuhi hakumnyang'anya mtu nafasi. Amekalia kiti ambacho kingezunguka kitupu. Na kwa kuwa ameshapanda na kuondoka, mchana hatakuwamo mstarini. Amempunguzia mwenzake dakika za kusimama juani. Mwenye kuwahi amejisaidia yeye na amemsaidia aliyechelewa. Ubinafsi ni ule wa kufika saa nane kisha kupenya ubavuni, au kumsimamisha mtoto mmoja mbele awashikie nafasi ndugu zake tisa. Huko ni kuchukua wakati wa watu bila idhini yao, na watoto wetu wanaona na wanajifunza.

Wala kuwahi si jambo geni kwetu. Mibirizi inajulikana kwa misheni iliyoanzishwa mwaka 1903 na kwa kahawa iliyopandwa hapa miaka ile ya mwanzo, hata aina moja ya mbuni ikaitwa Mibirizi. Mkulima yeyote wa kahawa anajua kwamba tunda likishachumwa halingoji. Ni lazima lifike kituo cha kuoshea siku ile ile, na mwenye kutangulia hurudi nyumbani mapema. Mwenye miadi ya daktari naye huondoka alfajiri. Kwa kahawa tunawahi, kwa ugonjwa tunawahi. Kwa nini kwa furaha ya watoto tunachelewa?

Na dini yetu imetufundisha thamani ya asubuhi. Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zao, na Sahaba aliyeipokea habari hiyo, Sakhr al-Ghamidi, alikuwa mfanyabiashara aliyetuma bidhaa zake mwanzo wa mchana, akatajirika. Siku ya Idi tumeshaamka, tumeshaoga, tumeshatoka. Wengine siku nyingine hulala mpaka jua liwake, lakini siku hiyo saa moja asubuhi wako safuni. Kazi ngumu ya kuamka tumeshaimaliza! Kisha tunarudi nyumbani na kuipoteza asubuhi yote, tunatoka jua likiwa utosini.

Tusidhani kwamba michezo siku ya Idi ni jambo la kuonewa haya. Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamwachia bibi Aisha (r.a.) atazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Basi mtoto naye ana haki ya kutosheka. Mtoto aliyesimama saa nzima akapanda dakika 5 hakutosheka.

Tunajua mtatuuliza maswali, nayo ni ya haki.

Wa kwanza atasema, “Na chakula nani atapika?” Akina mama ndio wanaoshindwa kutoka asubuhi, kwa sababu wako jikoni. Jibu letu ni kwamba baba ana miguu na ana mikono. Baba na awachukue watoto moja kwa moja kutoka kwenye swala, au abaki yeye na masufuria mama atoke nao. Au chakula kikubwa kiwe cha jioni, na asubuhi watoto wabebe chapati, mayai na chai ya chupa. Pilau haikimbii.

Wa pili atasema, “Na wazee tusiwasalimie?” Tuwasalimie, tena hao ndio wa kwanza. Lakini mzee wa karibu utamwona pale pale baada ya swala, na wa mbali utamwendea mchana, watoto wakiwa wameshacheza na wametulia. Mzee hufurahi zaidi kutembelewa na watoto waliotulia kuliko wale wanaomvuta baba yao nguo wakitaka kuondoka.

Wa tatu ndiye mwenye swali gumu. Atasema, “Tukiwahi sote, si foleni itahamia asubuhi?” Ni kweli. Ndiyo maana hatusemi wote waende saa tatu. Tunasema tugawane mchana. Wenye watoto wadogo waende asubuhi, kwa kuwa wadogo hawavumilii jua wala kusukumwa. Vijana wakubwa waende baada ya Alasiri. Wenye nafasi waende siku ya pili. Wenzetu wa Zanzibar wamezoea hivyo: sikukuu yao huenda siku nne, na watoto huenda viwanjani siku hizo zote, Mnazi Mmoja na Kariakoo kwa Unguja, Tibirinzi kwa Pemba. Sisi Rwanda mapumziko ya serikali kwa kila Idi ni siku moja, kwa hiyo watu wote, Waislamu na majirani zetu Wakristo ambao watoto wao nao hawaendi shule, hujikuta njiani kwa saa ile ile. Kugawana saa kwetu ni lazima zaidi kuliko kwao.

Mfano mkubwa wa kugawana saa tunao katika ibada yetu wenyewe. Mwezi wa Januari 2006 mahujaji zaidi ya 340 walikufa kwa kukanyagana kwenye Jamarat, wengi wakiwa wamekwenda kurusha mawe kwa wakati mmoja mchana. Baada ya hapo lilijengwa daraja jipya lenye ghorofa kadhaa, na makundi ya mahujaji yakawa yanapangiwa saa za kwenda. Msiba wa Mina wa mwaka 2015 ulitukumbusha kwamba ujenzi peke yake hautoshi. Ratiba nayo ni lazima ifuatwe. Ikiwa watu wazima waliokwenda kumwabudu Allah wanahitaji kupangiwa saa, seuze watoto wanaokimbilia bembea?

Hata nchi tajiri hazijaepukana na jambo hili. Ndugu zetu walioko Marekani wanajua habari za viwanja vikubwa vya Disney huko Florida. Mwaka 1999 vilianza kutoa tiketi za bure zenye saa ya kurudi, ili mtu asisimame mstarini muda wote. Tangu 2021 huduma ya namna hiyo ni ya kulipia. Maana yake mwenye fedha hununua njia ya mkato, na asiye nazo husimama. Lakini mlango ukifunguliwa asubuhi, wa kwanza kufika ni wa kwanza kupanda, tajiri na maskini. Sisi wa vilimani tusio na fedha za kununua njia ya mkato tuishike hii iliyo wazi kwa wote.

Basi tunapendekeza mambo manne kwa Idi ijayo, inshaallah.

Kwanza, usafiri upangwe kabla. Familia tatu au nne zikichangia basi dogo moja na kumwambia dereva siku mbili kabla, wataondoka baada ya swala bila kuhangaika.

Pili, watoto watoke wameshiba. Idi el-Fitri tunakula tende kabla ya swala, na Idi el-Adh'ha wengi wetu hatuli mpaka tumerudi. Mtoto mwenye njaa huanza kulia hata mahali pasipo na foleni.

Tatu, tukifika tuangalie mlango kabla ya mchezo. Tujue pa kutokea. Tukiona watu wamejaa kupita kiasi, turudi, hata kama tumeshalipa. Fedha hurudi, mtoto harudi.

Nne, walimu wa madrasa wapange makundi kwa umri na kwa saa, na wazungumze mapema na wenye viwanja. Mwenye mashine naye atafurahi kupata watoto asubuhi badala ya kuzungusha viti vitupu.

Nanyi wanafunzi mnaopanga safari za pamoja, kama ile ya msitu wa Nyungwe kwenda kutembea juu ya daraja linaloning'inia la Uwinka, lililofunguliwa mwaka 2010, hesabu ni ile ile. Daraja lile huvukwa na watu wachache wachache, pamoja na mwongozaji, kwa saa zilizopangwa. Mkifika kundi zima mchana bila taarifa, mtangoja. Wala msipange safari ya asubuhi kwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, maana hiyo ni siku ya umuganda na kila mtu ana kazi yake kijijini.

Idi iliyofuata baada ya ile ya kiatu kupotea, sisi tulijaribu. Tulitoka kwenye swala moja kwa moja, chapati ndani ya mfuko. Tulifika kiwanja ndio kwanza kinafunguliwa. Yule mdogo alipanda mara nne, mara ya nne akasema mwenyewe, “Imetosha, twende kwa bibi.” Adhuhuri tuliiswali kwa utulivu, na saa nane, wakati mstari ulipokuwa unaanza kuzunguka kiwanja, sisi tulikuwa kwa bibi tunakula.

Tunamuomba Allah azikubali Idi zetu, awahifadhi watoto wetu, na atupe baraka katika asubuhi zetu.

Wabillahi tawfiq.