Gugu la Mto Kagera na kunguru wa Unguja: Sharia inamtazamaje kiumbe mgeni?



Watu wa visiwani wanaokwenda Biharamulo na Ngara kwa njia ya Mwanza, wawe wafanyabiashara au waalimu wa madrasa, wanaikumbuka foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi. Mapema mwaka 2025 foleni ile ilizidi. Vivuko vilikuwa vikinasa ndani ya zulia la gugu jipya, salvinia, ambalo asili yake ni Brazil. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, na sasa abiria wa basi anapita juu kwa dakika chache. Kwake yeye mambo yamekwisha. Kwa mvuvi, na kwa mama anayechota maji ukingoni, hayakwisha, maana daraja limeondoa foleni, halikuondoa gugu.

Neno lililorudiwa sana katika khabari za siku zile ni "gugu vamizi kutoka nje". Nataka kusimama kwenye hilo neno "nje", kwa sababu watu wanauliza na wapo wanaojibu kwa haraka. Je, kiumbe kilichotoka nchi nyengine kina hukumu yake maalumu? Ni lazima kukiondoa? Na ni halali kukiua kwa njia yoyote?

Tuanze na Ngara, kwa sababu Ngara ndiyo mlango. Hapo Rusumo, Mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na maji ya Nyabarongo yanayotoka Rwanda, na kuanzia hapo Mto Kagera unapanda kaskazini ukiwa mpaka wa Rwanda na Tanzania, kisha unageuka mashariki mpaka Ziwa Victoria. Kwa njia hiyo ndivyo lilivyoshuka gugu maji la kwanza, lile la maua ya zambarau, ambalo kwao ni bonde la Amazon. Watu walilichukua nchi kwa nchi kwa ajili ya uzuri wake, wakapambia mabwawa na bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana ziwani. Likipata maji yenye rutuba nyingi hujizidisha maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na mbegu zake hulala topeni miaka na miaka zikingojea. Kufikia 1998, Ghuba ya Winam peke yake, upande wa Kenya, ilikuwa na zaidi ya hekta 17,000 zilizofunikwa. Mitumbwi ilishindwa kutoka, mabomba ya maji yakaziba, na maji yaliyotuama chini ya gugu yakawa makazi mazuri ya konokono wanaobeba kichocho.

Huo ni upande mmoja wa mgeni. Sasa upande mlima kutoka mtoni, uingie shamba la mkulima wa Ngara au Biharamulo. Mgomba asili yake ni Asia. Mahindi, maharage, muhogo na viazi vitamu vilitoka bara la Amerika. Ziwani nako, sangara aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, na sato naye aliletwa zama hizo. Mwenyeji hasa ni ngege, ambaye vijana wengi wa leo hawamjui. Sisi nasi tusiwacheke. Karafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi walivyokuwa wakivilima Wafaransa. Mtu akisema kila kilichotoka nje king'olewe, Pemba itauza nini? Na Ngara itakula nini?

Kwa hivyo ugeni wenyewe hauna hukumu. Kanuni wanayoijua hata wanafunzi wa mwanzo wa fiqhi ni kwamba asili ya vitu ni kuruhusiwa, na kwamba madhara huondolewa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alitufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama huandikiwa yeye sadaka. Hakuweka sharti kwamba mbegu iwe ya nchi ile ile.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa dhana kwamba atakula taka za mji. Taka alizila, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akala na vifaranga vya mama zetu, akamsukuma kando kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe. Wapo wanaosema halali yake kuuliwa ni kwa sababu ni mgeni. Sivyo. Katika Hadiyth ya mama yetu 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) iliyomo kwa al-Bukhaariy na Muslim, kunguru ni mmoja wa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuliwa hata ndani ya Haram, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Mmoja katika riwaya za Muslim ametajwa kwa sifa ya mabaka, na sifa hiyo, ukiangalia vizuri, inamfanana zaidi kunguru wetu mwenyeji kuliko huyu wa Bara Hindi! Wanachuoni walipoichambua waliitafuta sababu, na wengi wakaiona ni udhia na madhara. Ndiyo maana wakamtoa katika hukumu hiyo yule kunguru mdogo anayekula nafaka tu.

Na kuruhusiwa kuua si kuruhusiwa kutesa. Tumeamrishwa wema hata katika kuua. Kunguru aliyenaswa mtegoni asiachwe juani siku nzima bila ya maji, asichomwe moto, na sumu isiwekwe mahali atakapofika kuku wa jirani au mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifanyika kampeni kubwa hapa Unguja, kwa mitego na sumu, na kunguru walipungua sana. Fedha za mradi zilipokwisha wakarudi. Nani angewazuia, na majaa yako wazi mjini kote? Kila Idd ya kuchinja tunatupa utumbo na damu vichochoroni, kisha tunashangaa makundi yao kwenye mabati. Kuzika mabaki ya udh-hiya ni kazi ya nusu saa na jembe moja.

Tukirudi Kagera, huko ziwani dawa iliyofaa kuliko nyengine nayo ilikuwa mgeni. Ni mdudu mdogo jamii ya fukusi, kutoka Amerika Kusini kule kule lilikotoka gugu, ambaye chakula chake ni gugu hilo. Uganda ilianza kuwaachia mwaka 1995, na Tanzania na Kenya wakafuata mwaka 1997. Kabla ya hapo mdudu huyo alifanyiwa majaribio ili ijulikane kwamba hatahamia kwenye mazao. Miaka michache baadaye gugu lilikuwa limeanguka sana. Wataalamu bado wanajadiliana kiasi gani kilikuwa kazi ya mdudu na kiasi gani mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998, lakini hakuna anayekanusha kwamba mdudu alifanya kazi. Kidung'ata wa muhogo, aliyekuwa akitishia njaa Afrika nzima, alidhibitiwa kwa mfano huo huo, kwa nyigu mdogo kutoka Amerika Kusini walioanza kumwachia Nigeria mwaka 1981. Hata hii salvinia ya Busisi mdudu wake anajulikana, na katika miaka ya 1980 aliusafisha Mto Sepik kule Papua New Guinea.

Tazama tofauti. Kunguru aliletwa kwa kukisia, fukusi wa gugu akaletwa kwa utafiti. Wote ni wageni. Wanaotwambia kuleta mdudu mwengine ni kucheza na maumbile ya Allaah wana haki ya kuogopa, kwa yaliyotokea, lakini hofu yao jawabu lake ni majaribio ya kweli ya miaka kadhaa, si kukataza moja kwa moja. Kumwaga dawa ya kuulia magugu kwenye maji ambayo watu wanakunywa na kuvua mimi nakuona ni kuzito zaidi, kwa sababu madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Lakini hata fukusi hawezi kuumaliza mto. Ukisimama Rusumo wakati wa mvua utayaona maji mekundu, ni udongo wa vilima vya nchi tatu, na pamoja na udongo kuna mbolea ya mashamba na uchafu wa miji. Gugu linakula hicho. Linashuka vipande vipande kila siku, na mdudu aliyeachiwa ziwani anaanza upya. Mradi mkubwa wa kutunza mazingira ya Ziwa Victoria ulianza mwaka 1997 kwa nchi tatu zenye ufuo tu. Rwanda na Burundi, ambako maji na gugu vinaanzia, ziliingizwa katika awamu ya pili iliyoanza 2009. Yaani miaka zaidi ya kumi tulikuwa tukideki sakafu na bomba halijafungwa.

Hapa Sharia ina la kusema waziwazi. Az-Zubayr (Radhiya Allaahu 'anhu) alipogombana na jirani yake juu ya mfereji unaotoka mawe ya Madina, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimpa wa juu haki ya kumwagilia kwanza, kisha ayaachie maji yaende kwa jirani. Wa juu ana haki ya kutangulia, hana haki ya kumharibia wa chini. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na mkulima wa Ngara anayelima mpaka majini, au anayepanda mikaratusi juu ya chemchemi kwa sababu inakua haraka na inauzika, anavunja sheria ya nchi na haki ya jirani kwa jembe moja. Mkaratusi haukufanya kosa kutoka Australia. Kosa ni pale ulipopandwa.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mto huu haukupitisha magugu tu. Mwezi wa Novemba 1992 mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera aliwahutubia wafuasi wake akiwafanya Watutsi kuwa wageni waliotoka Ethiopia, na kwamba watarudishwa kwao kwa njia ya Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilishuka mto huo huo, zikapita Rusumo, zikafika ziwani kwa maelfu, na kwenye vijiji vya ufuo wa Uganda waliwazika wasiowajua. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Benako ikageuka mji wa maturubali. Waliouawa walikuwa wameshaitwa mende kabla ya kuuawa. Neno lilitangulia panga.

Ndiyo maana nahofia lugha hii ya "wavamizi" na "kung'oa" inapotoka shambani ikaingia mtaani. Mwaka 2013, baada ya tamko la Rais akiwa ziarani Kagera, na kisha Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu waliondoka mkoa huo, wakiwamo waliokaa miongo mingi na kuoa na kuzaa hapo, na baadhi ya familia zikagawanyika mpakani. Dola ina haki ya kulinda mpaka wake, hilo silipingi. Lakini mke aliyetenganishwa na watoto wake ana haki ambazo hazifutwi na karatasi aliyokosa, na Muislamu hawezi kumtolea hukumu binaadamu kwa kanuni ya gugu. Gugu tunaliangalia kwa jinsi yake, maana halina khiyari. Mtu anaulizwa kwa alichokitenda yeye mwenyewe. Sisi wa visiwani tuna wazee waliowahi kuitwa wageni katika nyumba walizozaliwa. Sina haja ya kurefusha.

Leo pale Rusumo kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, inayogawanywa kwa nchi zote tatu. Zimeweza kugawana umeme wa mto, basi na usafi wake inawezekana. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu, na ina kazi yake. Lakini liko jambo ambalo misikiti inaweza kulifanya bila ya kungojea mkutano. Waislamu wa Ngara, wa Kirehe ng'ambo ya daraja na wa Muyinga upande wa Burundi wengi wao wanaelewana kwa Kiswahili, na wanafuata Ijumaa moja. Maimamu wao wakikubaliana khutba moja kabla ya mvua za vuli, juu ya kutolima ukingoni, kutotupa taka mtoni na kuitoa salvinia au gugu maji katika mabwawa ya mapambo kabla halijafika mferejini, itawafikia watu ambao vipeperushi vya miradi haviwafikii. Nimewaandikia ndugu wawili huko juu ya hili, na walio na jamaa upande huo nawaomba walifikishe.

Wa Allaahu A'lam.