Deni la Karani kwa Mwuguzi

Twapenda kusema katika gazeti letu la chama juu ya mwuguzi aliyetutoka hapa Bagamoyo, na juu ya deni lake lililo shingoni mwetu sisi watu wa kalamu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mumewe na wanawe wameomba msiba wao usitangazwe. Lakini wengi waliopata watoto katika mji huu watajua twamsema nani, maana wote walimwita Mama Nesi.

Mji wetu haukosi kumbukumbu za watu wa rehema. Sewa Haji, tajiri aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa hospitali na shule, na hata leo liko jengo lenye jina lake katika Hospitali ya Muhimbili. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868, wana makaburi yao misheni. Emin Pasha alipoanguka kutoka ghorofani usiku wa tarehe 4 Desemba 1889, akavunjika fuvu la kichwa, aliuguzwa hapa hapa wiki kadhaa mpaka akapona, na habari zake zimo vitabuni. Lakini walioteka maji, wakafua mashuka na kukesha kando ya kitanda, ni wangapi kati yetu wawezao kuwataja? Mwenye kutoa jengo hukumbukwa kwa jiwe. Mwenye kufanya kazi ndani yake hukumbukwa na wagonjwa, nao wagonjwa hufa.

Mama Nesi hakuacha jengo. Aliacha daftari. Kwa miaka 31 aliandika kwa mkono wake kila mzazi aliyemhudumia: jina, kijiji, saa ya kujifungua. Wamo wa Kaole na Mlingotini, wamo wa Makurunge, wamo na wa Saadani waliosafiri wakati wa masika njia ikiwa tope tupu. Mwisho wa kila mstari aliandika neno moja: "wawili", yaani mama na mtoto wote wazima. Penye "mmoja" wino umekolea, kana kwamba kalamu ilikawia pale.

Tena alikuwa mke na mama. Florence Nightingale, ambaye siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 12 Mei, huadhimishwa na wauguzi duniani kote, hakuolewa wala hakuzaa. Huyu wetu alipotoka zamu ya usiku alikuta zamu nyingine jikoni. Mumewe alituambia kwamba mtoto wao wa pili alipougua surua, mama alimwacha kwa mkwewe akaenda kazini. Asubuhi alirudi akamkuta amelala, homa imeshuka. Aliketi kizingitini akalia kidogo, kisha akainuka akakoka moto wa uji. Watu husifu moyo wa mwuguzi kana kwamba moyo hauchoki. Sisi twaona huchoka kama mgongo.

Matunda ya kazi kama hiyo yaonekana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Barabara, dawa na waganga wana sehemu yao katika jambo hili, na wenye daftari kama lile wana yao.

Sasa twaja kwenye deni. Alipostaafu, mafao yake yalikawia miezi 14, kwa sababu barua yake ya kuthibitishwa kazini ilitiwa katika jalada la mtu mwingine. Ofisi hatuitaji, aliyekosea ni karani, nasi ni makarani. Mara tisa alikuja, akaketi kwenye benchi na bahasha mapajani, asigombe na mtu. Na miongoni mwa waliomwambia, "Njoo wiki ijayo, mama," yumo ambaye mkewe alizalishwa naye. Siku ya maziko ndugu huyo alilia kuliko wengi. Hatumlaumu kwa machozi yake, ila twauliza: yangalimfaa nini Mama Nesi kuliko karatasi ile moja kuwekwa mahali pake?

Wazee wetu walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kule Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walitaka watumishi wafaane. Basi twatoa shauri. Kwanza, kila karani atunzaye majalada ayapitie sasa yale ya wauguzi watakaostaafu katika miaka miwili ijayo, atafute kinachokosekana kabla mwenyewe hajaja na bahasha. Pili, mwuguzi afiwapo au afapo, mwanachama mmoja afuatane na jamaa zake mpaka Mahakama ya Mwanzo kwa habari ya mirathi, asiwaache peke yao na fomu. Tatu, tawi letu liwe na kitabu cha kuandika kazi za watumishi wa namna hii wakiwa bado hai na wanasikia.

Hotuba ya kaburini haina gharama, na aliyesifiwa haisikii. Jalada lililo kamili ndilo shukrani ya karani. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, awape subira mumewe na wanawe, nasi kesho asubuhi atukumbushe kufungua kabati.